Mzazi Ameambiwa Ana Melanoma ya Hatua za Mwanzo: Mwongozo Kamili kwa Familia

Mara nyingi huanza hivi. Mama au baba ana baka jeusi unyayoni, kisiginoni au kando ya kidole gumba, la mwaka mzima au zaidi. Mwenyewe anadhani ni mwiba uliooza, sugu, au damu iliyovilia alipojikwaa. Siku linapoanza kutoa majimaji anapelekwa hospitali, kinakatwa kipande kidogo, kinakwenda maabara, na baada ya majuma kadhaa inarudi karatasi iliyoandikwa melanoma. Simu zinapigwa kutoka Tanga hadi Muscat, na neno linalosafiri ni moja tu: kansa.

Mwongozo huu ni wa yule mtu mmoja wa familia anayekabidhiwa karatasi hiyo, awe kifungua mimba, mpwa aliyesoma, au mkwe anayeishi karibu na hospitali. Nataka aielewe namba moja iliyomo ndani yake, ya milimita. Namba hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata: operesheni itakuwa pana kiasi gani, kama tezi za limfu, mfano zile za kinenani, zitaguswa, kama kuna dawa ya kuongezwa, na hata kiasi cha hofu ambacho familia ina sababu ya kuwa nacho.

Kabla ya yote: ni ugonjwa gani huu

Melanoma ni saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Kwa watu weupe hutokea zaidi mgongoni, miguuni na usoni, na jua lina mchango mkubwa. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi ni ugonjwa wa nadra, lakini ukitokea hupenda mahali ambapo rangi ni hafifu na jua halifiki: unyayo, kiganja, chini ya ukucha. Aina hii madaktari huiita akrali. Jua si chanzo chake. Kwa hiyo hakuna haja ya kumfungia mzee ndani wala kumnunulia losheni ya bei mbaya. Losheni na kofia pana ni kinga ya lazima kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao jua huwaletea saratani nyingine za ngozi; melanoma kwao ni nadra.

Kuna jambo la aibu linalohitaji kusemwa wazi. Majirani wakisikia "kansa ya ngozi mguuni", wengi hukumbuka Kaposi, saratani inayoota madoa meusi au ya zambarau miguuni na ambayo hapa kwetu imehusishwa sana na Virusi vya UKIMWI. Melanoma ni kitu kingine kabisa. Haitokani na virusi hivyo, haiambukizi kwa kugusana, kula pamoja wala kulala kitanda kimoja. Anayemwosha mama kidonda avae glavu kwa usafi wa kidonda tu.

Hatua ya 1: Ipate karatasi yenyewe

Usikubali kuambiwa majibu kwa mdomo ukaondoka. Omba nakala ya ripoti ya patholojia, yaani majibu ya maabara ya kile kipande kilichokatwa. Ni haki ya mgonjwa, na kila daktari mtakayemwendea baadaye ataiulizia kabla hajasema lolote. Ipige picha, iweke kwenye simu mbili tofauti, kisha nakala ya karatasi iingie kwenye faili la plastiki pamoja na vyeti vya bima.

Uliza pia kipande kilichopimwa kiko wapi. Maabara hukihifadhi ndani ya nta, na kinaweza kukatwa upya na kusomwa na mtaalamu mwingine hata baada ya miezi mingi. Melanoma ya unyayoni ni ngumu kusoma. Kama ripoti ina maneno ya kusitasita, au haina namba ya unene, omba kipande hicho kipelekwe kwenye hospitali kubwa yenye mwanapatholojia anayeona ngozi mara kwa mara. Kwa Tanzania, KCMC ya Moshi ina kituo cha kufundishia madaktari wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na Muhimbili ina idara yake ya patholojia. Kenya kuna Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Gharama ya kusomwa upya ni ndogo ukiilinganisha na operesheni isiyo sahihi.

Hatua ya 2: Isome, polepole

Ripoti imeandikwa kwa Kiingereza cha kitabibu, lakini huna haja ya kuielewa yote. Tafuta mambo manne.

La kwanza ni neno "Breslow". Ni jina la Alexander Breslow, mwanapatholojia wa Marekani aliyeonyesha mwaka 1970 kwamba unene wa melanoma, ukipimwa kwa milimita kutoka juu ya ngozi hadi seli ya chini kabisa, hutabiri mwenendo wa ugonjwa vizuri kuliko upana wa doa. Hapa ndipo familia nyingi hupotea. Baka linaweza kuwa pana kama sarafu na bado likawa jembamba, na kidoa kidogo kama punje ya mtama kikawa kimezama. Mizani iko kwenye kina.

La pili ni "in situ". Ukiyaona maneno hayo bila namba ya Breslow, shukuruni. Maana yake seli mbaya bado ziko tabaka la juu tu la ngozi, hazijapenya chini. Hiyo ni hatua ya 0 ya ugonjwa. Ikikatwa yote, haina njia ya kusambaa.

La tatu ni "ulceration", yaani kama ngozi ya juu ya uvimbe ilikuwa imetoboka ilipotazamwa kwenye hadubini. Hili hupandisha daraja la ugonjwa hata unene ukiwa uleule.

La nne ni mipaka ya kipande, "margins". Ripoti itasema kama seli mbaya zimefika ukingoni. Baada ya biopsi, yaani kile kipande kidogo cha kwanza, huwa zimefika, na hilo si la kutisha kwa sababu operesheni yenyewe bado. Baada ya operesheni kubwa ndipo ukingo unapaswa kuwa safi.

Sasa hatua za ugonjwa wenyewe (usizichanganye na hatua za mwongozo huu), kwa mfumo wa kimataifa uliopo, toleo la nane, lililoanza kutumika Marekani mwaka 2018. Hatua ya I ni unene usiozidi milimita 1, au usiozidi milimita 2 ikiwa ngozi ya juu haijatoboka. Hatua ya II ni unene wa zaidi ya milimita 1 hadi 2 wenye ngozi iliyotoboka, au wowote unaozidi milimita 2. Zote mbili kwa sharti kwamba tezi ni safi. Tezi zikiwa zimeingiwa, ni hatua ya III, na mwongozo huu hauendi huko.

Watu huuliza, "Atapona?" Takwimu za mfumo huo zinasema kwamba baada ya miaka 10, kati ya wagonjwa 100 wa hatua ya IA, 98 hawakuwa wamekufa kwa melanoma (herufi A hadi C huonyesha ugonjwa unavyozidi kuwa mzito ndani ya hatua). Kwa IB ni 94, IIA 88, IIB 82, IIC 75. Zisome kwa tahadhari moja: zimetokana na wagonjwa ambao wengi wao ni weupe wa Marekani, Ulaya na Australia, na melanoma ya unyayo huelekea kuwa na matokeo mabaya kuliko ya mgongoni. Pamoja na hayo, tofauti kati ya 98 na 75 inatosha kukuonyesha kwa nini nasisitiza milimita. Neno "kansa" halibebi tofauti hiyo.

Hatua ya 3: Jueni kwamba namba inaweza kubadilika

Hili lina maana kubwa kuliko linavyosikika, na halielezwi vya kutosha. Biopsi ya unyayo mara nyingi ni kijiduara cha milimita chache kilichotobolewa sehemu moja ya baka lenye sentimita mbili au tatu. Kama sehemu ile haikuwa nene kuliko zote, namba mliyopewa ni ya mahali pale tu. Baka likikatwa lote na kupimwa upya, unene unaweza kuongezeka, na hatua ikapanda nao.

Kwa hiyo msitangaze "hatua ya kwanza" kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla ya ripoti ya pili. Semeni, "imeonekana mapema, tunasubiri kipimo cha mwisho." Ni kweli, na inawalinda na siku ya kuanza kueleza upya. Muulizeni daktari swali hili kwa maneno haya: "Je, kipande kilichochukuliwa kinawakilisha sehemu nene kuliko zote?" Daktari makini atalifurahia. Na kama ripoti inasema Breslow ni "angalau" kiasi fulani, jibu mmeshalipata.

Hatua ya 4: Operesheni

Tiba ya melanoma ya mwanzo ni kisu. Daktari wa upasuaji hukata doa pamoja na ukanda wa ngozi nzima kulizunguka. Kwa in situ ukanda huo ni nusu sentimita hadi sentimita 1. Kwa unene usiozidi milimita 1, sentimita 1. Kati ya milimita 1 na 2, sentimita 1 hadi 2. Zaidi ya hapo, sentimita 2. Ukiwa na namba hizi mkononi, utaelewa kwa nini shimo ni kubwa kuliko doa, na hutadhani mzee "amechinjwa".

Mgongoni ngozi huvutwa ikashonwa. Unyayoni haivutiki. Kwa kawaida huhitajika kupandikiza ngozi, mara nyingi kutoka pajani au kinenani, au kugeuza kipande cha ngozi ya jirani kikafunika. Kisigino kinabeba mwili mzima, hivyo andaeni majuma kadhaa ya kutokanyaga kabisa: magongo au kiti cha magurudumu, choo cha kukaa au kiti kilichotobolewa kama nyumbani ni choo cha kuchuchumaa, na mtu wa kuishi naye. Paja lililotolewa ngozi huuma kuliko mguu wenyewe. Mwambieni mapema, asije akadhani kansa imehamia huko.

Chini ya ukucha ni habari nyingine. Zamani kidole kilikatwa karibu kila mara. Siku hizi, kama ni in situ, madaktari wengi huondoa ukucha na kitanda chake chote wakaacha kidole. Ikiwa imezama, pingili ya mwisho inaweza kuondolewa. Hapa lazima mtu wa familia atamtaja Bob Marley. Aligundulika na melanoma ya kidole gumba cha mguu mwaka 1977, akakataa kukatwa kidole kwa sababu za imani yake ya Rastafari, akafanyiwa operesheni ndogo na kupandikizwa ngozi, akafa Mei 1981 akiwa na miaka 36. Wengi husimulia kwamba ni jeraha la mpira lililomuua. Haijathibitishwa kwamba jeraha moja huzaa melanoma; mara nyingi jeraha humfanya mtu atazame mahali ambapo ugonjwa ulikuwapo tayari.

Hatua ya 5: Tezi za kinenani

Melanoma ikiondoka unyayoni, kituo chake cha kwanza huwa tezi za nyuma ya goti au za kinenani, zile ambazo zikivimba tunasema mtu ana mtoki. Daktari atazipapasa. Msishangae, na mama asione haya. Kama anataka daktari wa kike au binti yake awe ndani, aseme.

Unene ukizidi milimita 1, vituo vyenye uwezo hupendekeza kipimo cha tezi mlinzi: dawa ya rangi, na penye vifaa dawa yenye mionzi kidogo, hudungwa kando ya doa, tezi ya kwanza kuipokea hutolewa na kupimwa. Kati ya milimita 0.8 na 1, au chini ya hapo ngozi ikiwa imetoboka, ni jambo la kujadiliana. Chini ya 0.8 na ngozi nzima, kwa kawaida hakihitajiki.

Kipimo hiki lazima kifanyike siku ileile ya operesheni pana au kabla yake, kwa kuwa baada ya ngozi kukatwa na kupandikizwa njia za maji ya tezi huvurugika. Basi swali la tezi liulizwe kabla ya tarehe ya operesheni kupangwa. Hospitali nyingi za Afrika Mashariki hazina kipimo hiki. Zikikosa, ultrasaundi ya kinena kila miezi michache, ikifanywa na mtu anayejua anachotafuta, ni mbadala unaokubalika. Akipendekeza mtu kuondoa tezi zote za kinena "kwa usalama" bila tezi kuonyesha ugonjwa, kataeni kwa heshima na mtafute maoni ya pili. Hata kwa waliokutwa na chembe kwenye tezi mlinzi, utafiti wa MSLT-II uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kuondoa tezi zote zilizobaki hakukuongeza maisha, na mguu kuvimba maisha yote ni gharama inayojulikana.

Hatua ya 6: Msinunue msichohitaji

Kwa hatua ya 0 na I, mgonjwa asiye na dalili nyingine hahitaji picha za CT za mwili mzima wala za PET. Hahitaji kemotherapi. Mionzi pia kwa kawaida haina kazi hapa. Nimeona familia zikiuza kiwanja kwa ajili ya vipimo vya kutafuta ugonjwa ambao uwezekano wake ulikuwa mdogo sana, wakati fedha ya kupandikiza ngozi haijapatikana.

Kwa IIB na IIC kuna dawa za kuamsha kinga ya mwili. Pembrolizumab iliidhinishwa Marekani kwa hatua hizo mwaka 2021, baada ya operesheni. Hupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi, ni ghali mno, na ushahidi wake kwa melanoma ya unyayo ni mwembamba. Ni mazungumzo ya kufanya na mtaalamu wa saratani, kama wale wa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, au Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago. Haifai kuamuliwa kwa kuitisha michango kama ya harusi.

Hatua ya 7: Kikao cha familia

Hapa ndipo melanoma nyingi za mwanzo hugeuka kuwa za mwisho. Sababu ni miezi inayopita katikati ya ripoti na kisu.

Mtasikia kwamba kansa ikiguswa na chuma inasambaa. Imani hii ina chanzo chake: watu wengi tuliowaona wakipasuliwa kansa walikuwa wamechelewa, wakafa baadaye, na kisu kikabeba lawama. Biopsi haisambazi melanoma, na operesheni ndiyo inayoiondoa. Mtasikia pia kwamba mama amekanyaga kitu, ametegwa mlangoni, maana ugonjwa umeanzia mguuni. Usianze kubishana na shangazi kuhusu uchawi mbele ya watu. Utashinda hoja na kumpoteza shangazi. Sema, "Dua na kisomo viendelee, na operesheni iwe tarehe fulani." Kitu kimoja tu kipigwe marufuku kabisa: kupaka dawa, kuchoma au kuchanja lile doa. Kunalitoboa, kunaharibu kipimo, na kunaleta maambukizi yanayoahirisha operesheni.

Kuna mzozo mwingine, wa kumficha mgonjwa. Watoto hukubaliana kumwambia mama ni "uvimbe tu". Simshauri mtu hivyo. Mama ndiye atakayetia saini au dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, ndiye atakayeulizwa na wauguzi, na ndiye atakayejikagua nyumbani kwa miaka. Mwambieni kwa lugha yake: "Mama, ni saratani, lakini imeshikwa ikiwa changa, na tiba yake ni kuikata." Kisha nyamazeni, aulize anachotaka.

Kuhusu fedha, ulizeni hospitali bei kwa mafungu: operesheni, kupandikiza ngozi, usingizi, kulazwa, na kipimo cha patholojia cha kipande kikubwa. Hicho cha mwisho husahaulika, na nimesikia kipande kikikaa kwenye ndoo ya formalini kwa sababu hakuna aliyelipa. Bila ripoti ya pili hamjui lolote. Hakikisheni bima imeidhinisha kwa maandishi kabla ya siku yenyewe.

Hatua ya 8: Chumba cha daktari

Waingie wawili: mgonjwa na mshika faili. Maswali yaandikwe, na yanayofaa ni haya. Unene wa Breslow ni milimita ngapi, na ngozi ilikuwa imetoboka? Utakata ukanda wa sentimita ngapi? Utafunika vipi? Tezi mtazifanyaje? Umeshafanya operesheni ya namna hii unyayoni? Kipande kitapelekwa maabara gani, na majibu lini? Baada ya hapo nani atamfuatilia?

Daktari akikasirika kwa maswali haya, ombeni rufaa.

Hatua ya 9: Baada ya kupona kidonda

Kwa hatua ya I hadi IIA, ratiba ya kawaida ni kumwona daktari kila miezi 6 hadi 12 kwa miaka 5, kisha kila mwaka. Kwa IIB na IIC ni kila miezi 3 hadi 6 miaka miwili ya kwanza. Kama kliniki iko mbali, shikeni ratiba hiyo kwa nguvu, hasa miaka ya mwanzo, kwani ndipo ugonjwa hupenda kurudi.

Nyumbani, mara moja kwa mwezi, mtazameni kovu na ngozi yote kutoka hapo hadi pajani. Vipele vigumu vyeusi, vya bluu au vya rangi ya ngozi vinavyoota njiani hapo ni sababu ya kwenda hospitali wiki hiyohiyo. Papaseni nyuma ya goti na kinena. Tezi inayoweza kuhisiwa si lazima iwe mbaya, hasa kwa mtu anayetembea peku na kupata vidonda, lakini inayokua na kuwa ngumu bila maumivu isisubiri tarehe ya kliniki.

Na ninyi watoto? Kuwa na mzazi au ndugu wa damu mwenye melanoma huongeza hatari kwa jumla, ingawa kwa aina ya unyayo uhusiano wa kifamilia hauonekani sana. Hakuna kipimo cha damu cha kukimbilia. Tazameni nyayo, viganja, katikati ya vidole na kucha, mwangani, wakati wa kunawa. Mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni kawaida kabisa kwa watu weusi. Unaotakiwa kupelekwa kwa daktari wa ngozi ni mstari wa ukucha mmoja, hasa wa kidole gumba cha mkono au mguu, ulioanza ukubwani, unaopanuka kupita milimita 3 au kuchafua ngozi ya pembeni ya ukucha. Unyayoni, baka lolote jipya linalokua, lenye rangi mchanganyiko au kingo zisizo sawa, lipigwe picha karibu na rula, na likaonwe kabla halijatoboka.